Kiwanja cha Baba Si cha Mwana

Enyonam alikuwa anashona sare ya shule, lakini akili yake haikuwa kwenye sindano. Ilikuwa kwenye vyumba. Aliviona vinne, vimepakwa rangi ya samawati, kila kimoja na mpangaji wake. Jioni hiyo yeye na mumewe Senyo, fundi magari wa gereji za Suame, walikuwa wanunue kiwanja pembezoni mwa Kumasi. Akiba yao ya miaka yote ya ndoa ilikuwa tayari. Furaha ilimzidi, hata akashona mkono wa shati ndani nje.

"Unaimba nini leo?" akauliza jirani yake, Maame Birago. Alikuja kuchukua nguo yake nyeusi ya mazishi ya Jumamosi. Mama huyu alikuwa na nyumba za kupangisha, na ulimi usio na breki.

"Jirani, na mimi nakuwa mwenye nyumba!"

"Ee! Unanunua kwa nani?"

"Kwa kijana mmoja, Fosu. Kiwanja cha marehemu baba yake. Bei poa! Ila anataka pesa leo leo. Anasema kuna mnunuzi mwingine anangoja."

Maame Birago akaiweka nguo chini. "Na huyo baba alikipata wapi?"

"Alirithi kwa mjomba wake."

"Kwa mjomba! Halafu mtoto ndiye anauza?" Maame Birago akapiga makofi, akacheka mpaka kilemba kikamwanguka. "Mama Yayra, umekaa Kumasi miaka yote hii ukiangalia nini?"

"Kwani kuna ubaya gani?"

Kweli Enyonam hakuuona ubaya. Kwao, kwa Waewe wa upande wa Volta, baba akifa ardhi huenda kwa wanawe.

"Kwenu sawa," akasema Maame Birago. "Sisi Waasante ukoo wetu unafuata mama. Mali iliyotoka kwa mjomba inabaki kwa ukoo wa mjomba. Fosu ni mtoto wa marehemu, lakini ni wa ukoo wa mama yake. Kukaa pale wanaweza kumruhusu. Kuuza? Thubutu! Anayeuza ni mkuu wa ukoo, pamoja na wazee wake."

Mara Senyo akaingia, kavaa shati la sikukuu, mfuko wa pesa kwapani. "Twende, mama Yayra! Jamaa anapiga simu kila saa."

"Baba Yayra, keti kwanza."

"Nikae? Tutakikosa!"

"Kama ni chake, kesho kitakuwepo," akasema Maame Birago. "Ardhi haina miguu. Mwenye miguu ni Fosu."

Wakaacha pesa nyumbani, wakaenda kiwanjani watatu. Jirani wa pale alikuwa anakaanga ndizi. Enyonam akamsalimu, akamuuliza kiwanja ni cha nani.

"Cha ukoo wa Opanin Adusei," akajibu yule mama. "Fosu kawaambia ni chake? Angalieni kile kingine, pale, kilichouzwa hivyo hivyo."

Wakaangalia. Ukuta ulikuwa umeishia kiunoni, majani yameota ndani. Juu yake yalipakwa maandishi mekundu: SIMAMA. KIWANJA KINA KESI. Aliyekinunua alilipa kwanza, akauliza baadaye. Enyonam akamshika mumewe mkono.

"Ule ungekuwa ukuta wetu," akasema.

Senyo akazima simu yake.

Siku iliyofuata walinunua chupa ya pombe kali, jin, maana huko hakuna aendaye kwa mzee mikono mitupu. Opanin Adusei, mkuu wa ukoo, aliipokea, akawasikiliza, akatikisa kichwa.

"Mnachotaka hakiuzwi. Lakini tunacho kingine, kidogo zaidi, karibu na barabara."

Enyonam nusura aruke. Maame Birago akamkanyaga mguu. "Nana, mzee wetu, tunashukuru. Tutakichunguza kwanza."

Na wakachunguza kweli! Mvua iliponyesha walikwenda kuona maji yanatuama wapi. Walimlipa mpima ardhi mwenye kibali, awachoree ramani. Wakaipeleka ofisi ya ardhi kuhakikisha hakuna mwingine aliyeuziwa. Wazee wakatia saini, chifu wa eneo akaridhia, na pesa zikatolewa mbele ya mashahidi. Senyo alilalamika njia nzima. "Tutazeeka tukichunguza!"

"Zeekeni kwenye nyumba yenu," akasema Maame Birago.

Kibali cha ujenzi kilipotoka, Senyo alitaka vyumba vinne. Maame Birago akamkatalia. "Viwili vyenye paa vinaleta kodi. Vinne visivyo na paa vinafuga mijusi. Jengeni kwa urefu wa kamba yenu."

Wakajenga viwili. Siku ya kupaka rangi ya samawati Enyonam hakushona hata kifungo. Alizunguka nyumba akigusa kuta zilizokauka na kucheka peke yake.

Rangi haijakauka yote, akaja muuguzi kijana kutafuta chumba. Akakitazama, akakipenda. Kisha akasita.

"Samahani, mama. Kabla sijalipa. Nyumba hii ni ya nani hasa? Nilishawahi kulizwa."

Senyo akakunja uso. "Unatushuku?"

"Mwache, baba Yayra!" Enyonam akamvutia mgeni kigoda. Furaha ilimjaa kifuani. "Keti, binti. Hapo umeuliza la maana. Nakuletea hati uzisome mwenyewe."

Akaingia ndani kuzichukua, akiimba.