Anayekalia Kiti cha Zornitsa

"Tsveta, nani alikaa hapa jana?"

Zornitsa alisimama mbele ya dawati lake, begi bado begani. Maganda ya alizeti yalikuwa yamepangwa juu yake, moja baada ya jingine, mpaka yakatoa herufi Z.

"Zamu ya mchana hao, shoga. Wachafu!" Tsveta alijibu, mdomo umejaa banitsa, andazi la jibini. "Pangusa ukae."

Zornitsa hakupangusa. Mji mzima wa Vratsa unatafuna alizeti, lakini wa kupanga maganda hivyo alikuwa mmoja tu, Kaloyan. Zamani walipokaa bustanini alimwandikia jina lake hivyo hivyo, naye akiona raha.

Kaloyan huyo ndiye aliyemkaba koo kwenye ngazi za shule mwezi wa pili, kisa Zornitsa amecheza na binamu yake mwenyewe harusini. Kwa bahati shule ilikuwa na kanuni mpya. Mwanafunzi akimpiga mpenzi wake, anayehama ni aliyepiga. Kaloyan akapelekwa zamu ya mchana, wazazi wakapiga makofi. Kumbe hakuna aliyekumbuka kwamba zamu zote mbili zinatumia madarasa yale yale na viti vile vile!

Simu ikatetemeka.

"Sweta ya kijani imekukaa, roho yangu. Mbona husalimii kiti chetu?"

Zornitsa aligeukia dirisha. Walikuwa ghorofa ya tatu, na dirisha linatazama mlima mtupu. Amemwonaje?

Wakati wa mapumziko alikwenda kwa Bi Vaklinova, mshauri wa wanafunzi, aliyeiandika kanuni ile kwa mkono wake.

"Amekugusa?"

"Hapana, mama."

"Mmekutana?"

"Hapana. Lakini ananiachia maganda. Anajua nimevaa nini."

"Maganda hayampigi mtu, mwanangu. Namba mfungie. Utasahau."

Atasahau vipi? Kila asubuhi anakalia kiti alichokalia yule. Usiku anashtuka akihisi vidole kooni. Na lililomtia aibu kuliko yote, bado alimpenda. Namba hakuifungia. Jioni Kaloyan alipopiga, alipokea.

"Zori wangu. Unalia?"

"Niache, Kaloyan."

"Nikikaa pale nasikia harufu ya nywele zako. Kesho wakati wa kubadilishana zamu njoo nyuma ya ukumbi. Dakika moja tu, nikuombe msamaha."

"Utanipiga."

"Mimi? Nakufa kwa ajili yako, halafu nikupige?"

Zornitsa alikata simu. Moyo wake ulishaanza kwenda.

Asubuhi alimsimulia Tsveta.

"Nenda, mwenzangu," Tsveta alisema. "Mwanaume asiye na wivu hana mapenzi. Mimi ningepata wa kunililia hivyo, ningekimbia."

Hapo Zornitsa aliogopa kwelikweli, kwa sababu miguu yake ilikuwa tayari. Akashuka ngazi mpaka kwa mshauri.

"Mama, leo nitarudi kwake. Najijua. Njoo ukae kwenye kiti changu kwanza, halafu uniambie kanuni yako inafanya kazi."

Bi Vaklinova alikasirika kidogo, lakini alifuatana naye. Wanafunzi walikuwa uwanjani. Darasani alikuwepo Tsveta peke yake, na simu yake. Mama wa watu akakaa. Akapitisha mkono chini ya dawati, akainama kuchungulia. Ubao wa dawati ulikuwa umechongwa kwa kisu: *Ukiniacha huna pa kukaa.*

Alibadilika rangi.

"Mungu wangu. Na mimi nilikwambia utasahau!"

Simu ya Zornitsa ikatetemeka mkononi.

"Huyo bibi anafanya nini kwenye kiti chako?"

Zornitsa alisoma kwa sauti. Kisha taratibu akageuka. Darasani hapakuwa na macho mengine.

"Tsveta?"

"Zori, nisikilize..."

"Wewe?"

"Alikuwa analia! Kila siku ananiuliza umeamkaje, umevaa nini. Nilidhani nawapatanisha!"

"Uliziona alama shingoni mwangu. Wewe ndiye uliyenifunga skafu."

Tsveta aliangua kilio. Bi Vaklinova akanyoosha mkono kuichukua simu, lakini Zornitsa alishampigia Kaloyan, ameweka sauti nje.

"Roho yangu! Unakuja?"

"Siji. Nimekuacha, Kaloyan."

"Nani kakufundisha hayo? Ngoja nikushike, utanijua."

"Nimekusikia," alisema Bi Vaklinova. "Na ulichochonga kwa kisu nimekiona. Leo huingii shule hii. Mwambie baba yako aje, nami nawaita polisi."

Simu ikakatika. Mshauri aliinuka, akalivuta dawati lile mpaka nje ya darasa, viatu vyake vya kisigino vikiteleza.

Zornitsa alibaki wima. Tsveta alimsogelea, machozi mpaka kidevuni.

"Zori, kaa kwenye kiti changu. Mimi nitasimama."

"Usinishike," Zornitsa alisema. Akabeba begi lake, akaenda kukaa mstari wa mwisho, mgongo ukutani.