Marehemu Alitoa Mzigo Jumamosi

Jumatatu saa mbili asubuhi Mzee Rogath alifungua ghala lake la Gerezani akakuta sakafu tupu. Marobota yote ya mashuka na mablanketi yaliyotoka bandarini wiki iliyopita yalikuwa yameondoka, na hakuna kufuli lililovunjwa. Mlinzi, Mudi, alisimama getini na hati ya kutolea mzigo mkononi.

Hati ilikuwa halali. Ilichapwa ofisini, juu ya duka lake la Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, Jumamosi saa nane mchana. Aliyeidhinisha ni Elibariki, mtunza ghala. Ila Jumamosi saa nane mchana Elibariki alikuwa ndani ya jeneza kule Rombo, na wafanyakazi wenzake walikuwa wamepanga foleni kumtupia udongo.

Inspekta Theopista alifika kabla ya saa nne. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya kiasi cha kuudhi, mwenye tabia ya kuuliza swali kisha kukuacha ujazie ukimya mwenyewe.

"Hukujua kwamba Elibariki amefariki?"

"Afande, mimi kampuni ya ulinzi imenileta Ijumaa jioni," Mudi alijibu. "Sijui nani mzima, nani kafa. Nimeambiwa hati ikiwa na jina la Elibariki, fungua. Fuso imekuja, nimefungua."

Dereva wa lori hilo la Fuso alipatikana mchana ule. Alikodiwa kwa simu na mtu asiyemjua, hati akaachiwa kwa mama ntilie, mzigo akaushusha Buguruni kwenye gari jingine. Namba iliyompigia ilikuwa imezimwa.

Mzee Rogath hakusubiri upelelezi. Alirudi ofisini, akamnyooshea kidole Zamzam, karani wa mauzo.

"Wote tulikwenda kuzika, yeye akabaki. Ufunguo wa ofisi anao. Na neno la siri la marehemu analijua!"

Zamzam hakukana. Elibariki alipolazwa alimpa neno hilo ili wateja wasikwame. Kila asubuhi, kabla ya kazi, Zamzam alimpelekea uji wodini.

"Uji huohuo ndio alioutumia kumnyonya siri," Mzee Rogath alisema.

"Jumamosi ulikuwa wapi?" Theopista aliuliza.

"Hospitali na mwanangu mpaka saa sita. Halafu nyumbani."

"Nani alikuona nyumbani?"

"Mwanangu."

Mwanawe alikuwa na miaka miwili. Zamzam alipandishwa kwenye gari la polisi mbele ya duka, wapita njia wakimpiga picha na simu zao, naye hakupata hata nafasi ya kufunga mtandio vizuri. Shukrani ya punda ni mateke, na Kariakoo ina punda wengi wanaovaa saa za bei.

Alibaki mtu wa pili wa kutiliwa shaka. Filbert, fundi wa kompyuta, alikuwa ameagizwa kulifuta jina la Elibariki Jumatano, siku moja baada ya kifo.

"Nililifuta, afande. Haki ya Mungu."

"Hili hapa ni nini?" Mzee Rogath aliugonga uso wa kompyuta. Jina la Elibariki lilikuwepo, zima kabisa, katikati ya majina ya wenzake.

Filbert alilitazama kwa hofu. Alitafuta kumbukumbu ya kulifuta na hakuiona. Ofisi nzima ikaamua kwamba ni mwongo, na kwamba uvivu wake ndio uliompa Zamzam mwanya.

Jumanne asubuhi Theopista alirudi, akaketi pembeni bila kuuliza kitu. Aliona kijana mmoja amekaa juu ya boksi, mikono mapajani.

"Wewe huna kazi?"

"Ninayo, afande. Naitwa Wilbert, mtunza ghala mpya. Mashine ndiyo hainijui. Tangu jana wananiita Mfanyakazi Hewa."

"Haijawahi kukujua?"

"Alhamisi niliingia vizuri tu. Nikatoa mpaka mzigo wa mteja wa Songea."

Clotilda, mhasibu, alicheka kutoka dirisha la malipo. "Afadhali yako wewe mgeni! Mimi Alhamisi nilibadilisha paswedi, jana imenikataa. Nikajaribu ile ya zamani, ikakubali. Nikasema basi, ni uchovu wa msiba."

Theopista aliinuka. Aliyefutwa Jumatano yumo, aliyeandikishwa Alhamisi hayumo, na neno la siri la Alhamisi limegeuka kuwa la zamani. Watu watatu hawawezi kukosea kuelekea upande mmoja. Alimvuta Filbert chumba cha mitambo.

"Nieleze kama unavyomweleza mama yako. Nani anajua majina ya watu hapa?"

"Domeni kontrola, afande. Ni seva inayotunza majina na paswedi za wote. Ndiyo bawabu. Isipokujua, huingii popote."

"Ni ipi?"

"Haishikiki. Ni mashine pepe, kompyuta inayoishi ndani ya hii kubwa. Mzee hakutaka kununua mbili." Filbert aligeukia mashine kubwa, akaanza kuhesabu siku kwa vidole. "Mashine pepe unaweza kuihifadhi nzima kama ilivyo, siku ukiharibu uirudishe. Niliihifadhi Jumatatu ya wiki iliyopita, kabla ya marekebisho."

"Ikirudishwa?"

"Saa yake itasoma leo, ila kumbukumbu zake zitakuwa za Jumatatu ile. Niliowafuta wanarudi. Walioingia baadaye hawajulikani. Hata kazi ya kufuta yenyewe inakuwa haijawahi kufanyika." Machozi yalimtoka bila aibu. "Kumbe nilimfuta kweli. Nilishaanza kujitilia shaka mwenyewe."

"Zamzam angeweza kuirudisha?"

"Hapana. Lazima uwe na paswedi ya hii kompyuta kubwa. Tunayo wawili tu, mimi na fundi mwenzangu Kasmir; ufunguo wa ofisi tunao, na paswedi ya mtu yeyote tunaweza kuibadilisha. Mimi nilikuwa Rombo, nimebeba jeneza. Na Kasmir, afande... huyo ni mdogo wake marehemu."

Habari ya Kasmir ilijulikana duka zima. Aliondoka Dar nyuma ya basi la msiba, gari lake likamfia Segera, akakosa kumzika kaka yake. Blandina, mjane, hajamsemesha tangu hapo. Nani amuulize maswali mtu wa namna hiyo? Huruma ilikuwa imemjengea ukuta mzuri kuliko kufuli lolote la Gerezani.

Jumatano saa tatu asubuhi Theopista aliwakusanya ofisini. Zamzam naye aliletwa kutoka mahabusu, akasimamishwa mlangoni na nguo zilezile za Jumatatu. Kasmir aliingia wa mwisho, macho mekundu. Alianza kuueleza mkosi wa Segera kabla hajaulizwa. Theopista alimkatiza.

"Kwanza mfahamu mwenzako. Huyu ni Wilbert."

"Wilbert wa wapi?"

"Mtunza ghala mpya."

"Mmemwajiri jana?"

"Alhamisi, kaka," Wilbert alisema kwa adabu, akinyoosha mkono. "Pole sana na msiba."

Kasmir hakuupokea mkono. Alimgeukia Mzee Rogath polepole.

"Alhamisi mwili ulikuwa bado mochwari."

"Mzigo hausubiri, mwanangu," Mzee Rogath alisema. "Biashara ni biashara."

"Hapo ndipo ulipojikwaa, Kasmir," Theopista alisema. "Ulijua kaka yako amefutwa Jumatano. Ulijua ukiirudisha seva atakuwepo tena, na watu watasema Filbert hakufanya kazi yake. Ila hukujua kwamba kiti chake kimeshakaliwa, kwa sababu ulikuwa ukihangaikia jeneza. Seva ilipomrudisha kaka yako, ilimtupa Wilbert."

"Mimi nilikuwa Segera."

"Fundi aliyekutengenezea gari anaitwa nani? Nitampigia sasa hivi."

Kasmir akavuta kiti, akaketi.

"Kaka alianza kazi hapa duka likiwa kibanda. Alipolazwa nilimpigia magoti huyu mzee atusaidie matibabu. Akasema tungoje mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulimkuta amekufa. Nikasema basi, ajilipe mwenyewe, kwa jina lake. Mzigo upo wote, sijauza hata shuka moja. Ulikuwa wa shemeji Blandina na watoto."

"Na maziko ya kaka yako?"

"Wote wangekuwa Rombo. Hakukuwa na siku nyingine." Aligeukia upande wa chumba cha mitambo. "Nilipoirudisha, jina lake likatokea. Nilikaa nalitazama tu, nikasahau hata kuchapa hati. Seva ilikuwa Jumatatu. Jumatatu alikuwa hai, alikula, akanitania."

Clotilda alikuwa akilia.

"Na mimi?" Zamzam aliuliza pale mlangoni. "Mimi niliyempelekea uji?"

"Sikujua watakukamata wewe, dada. Nilidhani watalaumu mashine."

"Jumatatu ulijua. Leo Jumatano. Nimelala ndani siku mbili, mwanangu anaumwa, na wewe unapokea rambirambi."

Kasmir aliinamisha kichwa. Ile hasira ya haki aliyokuja nayo ilimwishia hapohapo, na alipotolewa nje na pingu hakumtazama tena Mzee Rogath, alimtazama Zamzam.

Mzee Rogath hakuomba radhi kwa yeyote. Alipiga makofi mawili. "Haya, wateja wamejaa chini. Filbert, mfute Elibariki. Mwingize Wilbert."

Filbert alimfuta Elibariki kwa mara ya pili.

Zamzam aliketi mezani pake, akafunga mtandio vizuri, akaandika jina lake. Mashine ikakataa. Akaandika tena, herufi moja moja. Ikakataa.

"Filbert, hii nayo imerudishwa?"

Filbert hakuinua macho. "Hapana, dada. Mzee aliniagiza nikufute Jumatatu. Gari la polisi lilikuwa halijafika hata kona."

Theopista, aliyekuwa amefika kwenye ngazi, alisikia akasimama. Alitafuta kichwani kifungu cha sheria cha kumshikia Mzee Rogath, cha hili au cha Elibariki, akakosa. Asiyekuwepo na lake halipo, Waswahili walishasema, na Mzee Rogath alikuwa amelifanya neno hilo utaratibu wa kazi.

Zamzam aliinama chini ya meza, akatoa chupa ya chai ya bluu aliyokuwa akimpelekea Elibariki uji, akaitia kwenye mfuko na kushuka ngazi kwenda kumchukua mwanawe. Nyuma yake Wilbert aliandika jina lake, na mashine ikamfungulia.