Siku ya Tatu ya Shekue

Kipangamoyo, chombo kirukacho cha kuamsha mioyo iliyosimama, kilishuka katikati ya soko la vitunguu, kikamwekea mwanamume aliyeanguka mikono yake miwili ya chuma kifuani, kikampiga shoti. Moyo ukashtuka, ukaanza kazi. Dakika tatu tu tangu aanguke! Watu wa jiji la Maweni hawakupiga hata makofi. Binadamu huzoea kila kitu, hata muujiza.

Mhandisi Siwema, aliyekiunda chombo hicho, aliyatazama yote kwenye kioo cha kompyuta ofisini kwake, wala hakufurahi. Kuamsha moyo ni jambo moja, kumrudisha mtu nyumbani ni jingine. Walioamshwa mioyo walipelekwa hospitali iliyo karibu bila fahamu, na huko ndiko mambo yalikoachana. Hospitali ya Mashariki, nusu yao walitoka kwa miguu yao. Ya Magharibi, mmoja katika kumi. Baraza la jiji lilimtaka Siwema aeleze kwa nini. Naye alikuwa na lake: mwaka uliopita mumewe, Shekue, alipelekwa Magharibi.

Mama mkwe wake, Bi Mwanamvua, aliyekuja kumjulia hali kila Ijumaa, alikuwa pembeni akisuka ukili.

"Mdadisi," Siwema aliiuliza mashine fikirizi iliyokwisha kusoma mafaili ya hospitali zote mbili, "tofauti ni nini? Dawa?"

"Dawa ni zilezile. Mitambo ileile. Tofauti ni subira. Magharibi, ndugu huulizwa siku ya kwanza kama mashine ya kupumulia izimwe. Mashariki ni mwiko kuuliza kabla siku ya tatu haijaisha. Wengi wanaopona hufumbua macho siku hiyo."

Siwema alimkumbuka Shekue. Siku ile ya kwanza daktari, mtu mpole kweli, alimwambia mgonjwa anateseka bure. Akakubali. Wakazika alasiri ileile, na watu wakamsifu kwa imani yake.

"Waliofanana na Shekue, kule Mashariki?"

"Kumi na mmoja. Saba walirudi nyumbani. Yeye mwenyewe, siwezi kujua."

Hakuna ambaye angejua tena, na hilo ndilo lililomkata maini.

Bi Mwanamvua aliweka ukili chini. "Siku ya tatu," alisema polepole, "sisi tulikuwa tunaanua matanga."

"Nisamehe, mama."

"Mimi ndiye niliyekwambia ukubali, mwanangu. Nilisema tumpumzishe." Machozi yalimtiririka, asiyafute. Kisha akaonyesha kioo kwa kidole. "Na huyo wa sokoni, wanampeleka wapi?"

"Magharibi."

Mke wa yule mwanamume alikuwa akipanda gari la wagonjwa, mikono yake imejaa maganda ya vitunguu. Siwema alifungua kipaza sauti cha kipangamoyo.

"Dada, hunijui. Leo watakuuliza kama wazime mashine. Kataa."

"Wakisema anateseka je?"

"Kataa. Subiri siku tatu. Mimi sikusubiri."