Sauti Iliyonuia Kikombe

Jua lilikuwa linazama nilipofika mtaa wa Igogo na hotpoti mbili za ugali na samaki sato. Chenge, mwenye filamu, alinipa kazi ya kuwapikia wasanii wake. Niliikubali kwa sababu moja tu. Mume wangu Nestory alikuwa anaigiza humo, na pembeni yake alikuwa Odeta.

Sifichi. Nilimchukia Odeta mpaka viatu vyake.

Filamu yenyewe ilikuwa ya bei ya kutupa. Daktari anajaribu dawa mpya ya mapenzi kwa watu waliojitolea, na kila anayeinywa anamtaka nesi mpaka anakufa. Nesi ndiye huyo Odeta, na gauni jeupe lililombana hadi kutia huruma. Mgonjwa ni mume wangu, kifua wazi, kitandani. Eti sanaa!

Siku hiyo rangi waliyoikoroga iwe dawa iligoma kuonekana kwenye kamera. Odeta akaleta dawa ya kweli ya mvuto, ya mizizi, kutoka kwa bibi mmoja mganga wa Misungwi. Na kwa kuwa Nestory alisahau kila mara jina lake la kwenye filamu, Chenge akachoka.

"Tumieni majina yenu tu, bwana. Twende!"

Kwetu hata mtoto anajua dawa hainuiwi, haisemewi maneno, kwa mchezo, tena kwa jina la mtu la kweli. Wao wakacheka.

Nilisimama mlangoni. Odeta akamkalia mume wangu mapajani, akashika kikombe. Harufu ya matope ya ziwa ikajaa chumba. Mkono wa Nestory ukapanda kiunoni kwake, taratibu... Moyo uliniwaka. Nilitaka awe wangu peke yangu, asimsikie mwanamke mwingine mpaka kaburini.

Odeta akainamia kikombe. Mnong'ono ukatoka.

"Nestory wa Kabula... akikuita mwingine, usisikie."

Kabula ni marehemu mama mkwe wangu. Odeta alilitoa wapi jina hilo?

Nestory akanywa.

"Kata!" Chenge alipaza sauti.

Nestory hakugeuka. Tukamwita wote. Hakugeuka.

Nilimrukia Odeta. Nywele zake za bandia zikabaki mkononi mwangu.

"Umempa nini mume wangu, malaya wewe?"

"Dada Dorcas, haki ya Mungu, sijasema mimi!" Alirudi nyuma mpaka ukutani. "Nilifungua mdomo tu..."

Yakobo, aliyekuwa ananasa sauti, alinivalisha hedifoni. Akarudisha nyuma.

Ile sauti ilikuwa yangu.

Kesho yake tulikwenda Misungwi, mimi na Odeta, kiti kimoja cha basi. Bibi alikuwa anamenya karanga. Aliitikia shikamoo zetu, akauliza nani alinuia. Kila mmoja akamnyooshea mwenzake kidole.

"Hiyo haimsikilizi aliyeshika kikombe," alisema. "Inamsikiliza mwenye wivu kuliko wote mle ndani. Inachukua sauti yake, inaenda nayo."

"Na inairudisha lini, bibi?"

Aliendelea kumenya karanga.

Nestory yuko nyumbani. Anakula nikimlisha, analala nikimlaza. Nikimwita, hasikii. Lakini kila magharibi anageukia dirisha la upande wa ziwa, na uso wake unachangamka. Tabasamu hilo sijaliona tangu tulipooana. Linaniuma kuliko mkono wake kiunoni kwa Odeta.

"Naam, mama Winnie," anaitikia. "Nakuja."

Mama Winnie ni mimi. Na mimi nimekaa nyuma yake, sijamwita.

Jana alisimama, akaelekea mlangoni. Nje kulikuwa na harufu ile ile ya matope, na kitu kilikuwa kinakwaruza mbao za mlango. Nilimkumbatia kiunoni kwa nguvu zangu zote. Nilimwita mpaka koo likakauka.

Aliniangalia kama mtu anavyomwangalia mgeni aliyekosea nyumba. Akaibandua mikono yangu, kidole kimoja kimoja, kwa adabu.

"Niachie, dada," alininong'oneza. "Mke wangu ananisubiri, na ana wivu sana."