Maganda Niliyoyatoa Kwenye Mti Mwingine

Niko na miaka kumi na saba, nasoma sekondari, tawi la biokimia, hapa Kasongo. Mimi ni mutu wa haya, hata kujibu darasani sauti inanikauka. Haya hiyo ndiyo iliyomharibia jina nyanya yangu, mama yake baba… na aliyemfanyia hivyo ni mimi.

Nyanya alikuwa anatibu homa kwa maganda ya mti mmoja ulioota upande wa Lusangi. Mtafiti mmoja wa chuo kikuu, sisi tunamwita Dokta, alichukua kidogo akayapima. Yakaua vidudu vya malaria. Nyanya alitembea mtaa mzima akisimulia.

Dokta akarudi. Sasa yeye na wenzake walitaka kujua dawa ile inashika nini ndani ya kidudu, maana inaweza kushika na kitu cha mwili wetu ikatudhuru. Akanieleza kwa mfano wa wavuvi wetu wa mto Lualaba: dawa wanaifunga kwenye ndoano, na kitakachonasa ndicho inachoshika. Ila maganda yalikuwa yamekwisha. Yalitakiwa mengine, ya mti uleule.

"Mutume mujukuu wangu," nyanya akasema. "Miguu yangu haiwezi tena. Yeye mti anaujua."

Dokta akaniahidi kwamba nikileta, atanipeleka maabara nione kwa macho yangu. Mimi… maabara!

Nilipofika nikakuta kisiki. Wachimba dhahabu walikuwa wameukata, wamefanya nguzo za shimo lao. Nilizunguka porini, sikuona mwingine. Ningerudi na gunia tupu? Kando ya barabara palikuwa na mti unaofanana nao, majani yake tu mapana kidogo. Nikaubambua.

"Ni uleule?" Dokta aliniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

Ndoano haikunasa kitu. Vidudu navyo havikufa. Wakubwa wake wakaamua kwamba hata kipimo cha kwanza kilikosea, kazi wakaifunga. Dokta alikuja kutuambia nyumbani, macho chini. Baba mdogo akacheka: "Mama, kumbe miaka yote hii ulikuwa unatunywesha supu ya kuni?" Majirani nao wakacheka. Nyanya akajiangalia mikono. "Labda nimezeeka," akasema.

Tangu hapo hatibu mutu. Kile chungu cha dawa sasa anapikia sombe, majani yetu ya muhogo.

Nilipozidiwa na hatia nikampigia Dokta simu, nikasema kweli. Akaniuliza: "Kwa nini hukuniambia kuna kisiki? Ningekuja kuchukua hata mizizi." Nikakimbilia Lusangi… shimo lilikuwa limekwisha kukimeza.

Nikamwambia na nyanya. Nilingoja anipige. Yeye akauliza tu:

"Na yale maganda mengine, kuna mutu aliyakunywa?"

"Hapana, nyanya. Yalikwenda maabara tu."

"Basi," akasema, akashusha pumzi. Akaendelea kutwanga sombe.

Wenzangu, mukitumwa kitu musikikute, museme hakiko. Haya ya kurudi mikono mitupu ingepita siku ileile. Yangu iko hapa nyumbani, inachemka kila jioni ndani ya chungu kile, na mimi naletewa sahani, nakula.