Mwisho Alioombwa Asiuandike

Binti aliamka usingizi wa mchana nywele zimesukwa, mistari imenyooka kama imepigwa rula, na humo ndani hakuna aliyemgusa. Mama yake, mwandishi wa hadithi, alikuwa sebuleni akimwandikia barua rafiki yake, mwandishi mwenzake, aliyetoa kitabu. Jini wa kitabu hicho alipenda kusuka watoto, akisuka anakaza, akikaza anavuta, mpaka mtoto anakosa pumzi. Mwishoni alifukuzwa.

Sasa wajukuu zangu, waandishi hawa wawili walikuwa na mchezo wao tangu usichana: mmoja akitoa hadithi, mwenzake humtengenezea mwisho mwingine kwa barua. Basi mama alishamsifu, akamtania kwamba safari hii kapika kikaiva, halafu akaandika: "Katoka, haya, kaenda wapi? Mimi ningempa chumba changu cha nyuma."

Chumba cha nyuma ndicho alicholala binti. Na sasa binti alikuwa amerudi humo, na harufu ya mafuta ya nywele yaliyochacha ilikuwa inatoka chini ya mlango, pamoja na mkwaruzo wa chanuo.

Mama akampigia rafiki yake simu, akamsomea barua na kumsimulia zile nywele, kwa kunong'ona. Rafiki akamwambia:

"Somo, ile si hadithi. Ni nyumba yangu. Leo pamepoa, nikadhani Mungu kanisikia."

"Nifanyeje?"

"Futa huo mstari. Mwandikie pengine pa kwenda. Ila nakuomba, asirudi huku. Na mimi nina mtoto."

Akafuta. Akaandika aende jangwani, na chanuo likaendelea kukwaruza kule nyuma. Akaandika aende baharini, na binti akaanza kulia, kisha kilio kikakatika katikati kama cha aliyebanwa shingo, na mama, macho kayafumba, kalamu kaikandamiza mpaka karatasi inachanika, akaandika yale aliyoombwa asiyaandike: arudi alikotoka.

Chanuo likanyamaza. Binti akatoka, nywele zimefumuka, anauliza mama analia nini.

Simu ilikuwa haijakatwa. Rafiki yake alikuwa bado anahema sikioni. Na mbali, nyuma ya pumzi zake, sauti ya mtoto mwingine ikasema polepole:

"Mama, usivute."