Mwalimu Aliyebanduliwa Ukutani

Kitendawili! Ninaye mgeni, ananichekea mchana kutwa. Nikimpa kiti hakai, nikimwita haitikii.

Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Mbeya? Nimekwenda Mbeya, nimekula wali wa mchele wa Rujewa, nimeshiba, nimerudi. Mgeni huyo ni picha. Na picha ndiyo iliyoibwa.

Iliibwa Mwanjelwa, humo humo Mbeya, saa saba mchana, katika ofisi ya Sosthenes, wakala anayepeleka walimu kwenye shule za lugha huko Asia. Alitoka kwenda kula. Aliporudi, bango lake la ukutani, refu kama mtu, halipo.

Inspekta Mwanakhamisi alisimama katikati ya eneo la tukio. Kompyuta ipo. Printa ipo. Ukutani kilibaki kipande cha juu chenye maandishi: NJOO UFUNDISHE UGHAIBUNI. Picha ya mwalimu iliyokuwa chini yake ililowanishwa, ikabanduliwa polepole. Na sakafu imepigwa deki.

"Mwizi gani huyu anapiga deki?" Koplo Lutengano alishangaa.

"Washindani wangu hao!" Sosthenes alifoka. "Jumamosi nina usaili wa walimu arobaini. Nataka mtu alale ndani!"

"Mwalimu wa pichani anaitwa nani?" Inspekta aliuliza.

"Lili."

"Lili wa wapi?"

"Hilo jina la shuleni, afande. Wazazi wa kule wanataka jina jepesi. La kwao silikumbuki."

"Ameondoka lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Likizo amewahi kuja?"

Sosthenes alitazama feni. "Anaipenda kazi. Anaongeza mkataba."

"Pasipoti yake anaishika nani?"

"Afande, mimi nimeibiwa bango."

Inspekta akavuta daftari la wageni. Mstari wa mwisho ulikuwa na mwandiko wa mtu anayekandamiza kalamu: Mama Evarista. Anakotoka: Mlandege, Iringa. Shida: kumwona mtoto.

"Uliusoma huu?"

"Nani anasoma daftari la wageni?"

Asubuhi iliyofuata walibisha hodi Mlandege.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, wanangu. Nimewangoja tangu jana, chai imepoa mara mbili." Mama akawafuta viti kwa kanga. "Mmenijuaje? Jina langu, Bertha, nililificha."

"Ukaandika la mtoto."

"Si ndilo ninaloitwa? Huyo Bertha hata majirani hawamjui!"

Ukutani, juu ya kochi, bango limebandikwa. Msichana wa shati jeupe anacheka.

"Ulilibandua wewe?"

"Mimi. Kwa kitambaa na maji. Nilikwenda kuuliza mwanangu anarudi lini, kijana wa mapokezi akaniambia nisubiri, naye akaenda kula. Kugeuka, namwona huyu hapa! Miaka mitatu, mwanangu. Sikujua nimepandaje kwenye kiti. Nilipomaliza nikaona nimemwaga maji, nikatafuta dekio."

"Kwani simu hampigiani?"

"Tunapigiana. Ananong'ona: 'Mama, nina kipindi.' Asubuhi kipindi, usiku kipindi, Jumapili kipindi. Nani anafundisha Jumapili kama si katekista?"

Lutengano akacheka.

"Siku moja alinitumia picha. Chumba kimoja, vitanda sita vya walimu, nguo zinaning'inia mpaka dirishani. Akaifuta kabla sijaitazama vizuri. Nikimwuliza anarudi lini, simu inakatika."

Inspekta aliandika maelezo yote, mama akaweka sahihi.

"Mama, wizi umekiri. Lakini kuna jalada la pili nataka kulifungua, la Sosthenes na hiyo shule. Siwezi mpaka mwanao atamke mwenyewe. Mpigie."

Simu iliita mara nyingi. "Mama, nina kipindi…"

"Evarista, ni Inspekta Mwanakhamisi wa polisi Mbeya. Niko kwenu."

"Mama yangu amepatwa na nini?"

"Ameiba bango lako. Amelibandika sebuleni anakuangalia."

Upande wa pili watoto walikuwa wakiimba herufi. Mlango ukafungwa, nyimbo zikafifia. Mama akaishika simu kwa mikono miwili.

"Eva. Unarudi lini?"

Safari hii simu haikukatika.

"Mama, pasipoti yangu ameifungia mwenye shule kabatini. Kila nikiiomba ananiambia nimletee kwanza mwalimu mwingine kutoka nyumbani, akae mahali pangu. Sikutaka kumwita mtoto wa mama mwingine, ndiyo maana nilinyamaza. Mwambie huyo afande aandike yote. Nataka kurudi leo, mama. Leo hii."